Kamio yako inaelea juu ya matope? Njo hivi tunaitengenezaka

Jambo wateja wetu wote wa Bukavu. Hapa atelye swali tunaloulizwaka zaidi ni hili, kamio ya maketi imegundishwa vizuri, rangi iko safi, lakini ukiiweka kwenye ardhi ya vita inaonekana kama mutoto ameisahau pale, juu ya nini?

Juu haina uzito. Maketi za 1/35, ni kusema ndogo mara 35 kuliko gari ya kweli, kamio ya metre 6 inabaki sentimita 17 tu, na uzito wake ni kama wa embe moja ndogo, haiwezi kukandamiza kitu. Angalieni Fuso yenye kujaa simenti ikipanda Kadutu mvua imenyesha: mipira ya nyuma inatanuka chini, matope yanapanda pembeni, na nyuma yake kunabaki mifereji miwili yenye maji. Sasa kwenye maketi hayo yote lazima tuyafanye na mikono. Tunasugua mupira chini na msasa, milimita 1 hivi, inatosha, ile ni sawa na sentimita 3 na nusu za kweli. Halafu tunaiweka kamio wakati matope bado mabichi, tunaisukuma mbele kidogo, tunairudisha, mpaka inajichimbia njia yake yenyewe.

Na udongo tunauchunga na kitambaa cha pazia, tena mara mbili. Punje ya mchanga ya milimita 2 kwa 1/35 inakuwa jiwe la sentimita 7, ukiziacha nyingi barabara yako itakuwa kama mtoni.

Siku hizi komande nyingi ni za vita ya Saïo na mimi inanifurahisha sana, kwa sababu hapa kwetu kila mutu anajua kambi Saïo lakini vijana wengi hawajui jina lilitoka wapi. Ni mji wa Ethiopia ya magharibi. Wakati wa vita ya pili ya dunia, askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, walitoka Kongo wakapita Sudan, mwezi wa 3 mwaka 1941 wakachukua Asosa na Gambela, halafu tarehe 3/7/1941 Saïo ikaanguka, jenerali Gazzera wa Italia akajisalimisha kwa jenerali Gilliaert. Mwezi wa 6 na wa 7 kule ni mvua kabisa, kwa hiyo ukituomba Saïo yenye vumbi tutakukatalia kwa heshima. Na tutaomba kuweka wabebaji pia, vita ile haikubebwa na kamio peke yake.

Mzee mmoja aliwahi kuja kuona kazi yetu ya kwanza, akainama, akaangalia chini ya mipira muda mrefu, akaniuliza, «Mwanangu, hii gari mzigo wake uko wapi?» Niliibomoa ile ardhi yote usiku uleule.

Kwa hiyo tafadhali, ukiwa na kamio yako uliyojijengea nyumbani na unataka tukufanyie ardhi tu, usigundishe magurudumu, na usipake matope mbele ya kutuletea, maana matope ya kwenye mupira na ya chini lazima yatoke kwenye bakuli moja, ukileta yamekwisha kukauka na rangi ingine itabidi tuyakwangue na kazi ya siku 10 itakuwa ya siku 15. Leta magurudumu pembeni, kwenye kasashe, na utuambie kamio ilikuwa imebeba nini.