Barua kwa Elisante: kuunga, kuungana, kuunganisha

Arusha, Jumapili jioni

Mpendwa Elisante,

Salaam nyingi kutoka huku. Umeniuliza uwaeleze vipi wageni wako wanaojifunza Kiswahili hapo Moshi tofauti ya kuunga, kuungana na kuunganisha. Kamusi iache kwanza, wape vitu wanavyoviona.

Anza na waya. Fundi akiunga waya, ujue ulikatika au ulipungua. Akiunganisha umeme, nyumba haikuwa nao. Ndiyo maana mwenye nyumba husema "nimeunganishiwa umeme". Kuungana kunataka wenyewe wakutane: Mto Kikuletwa na Mto Ruvu huungana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, maji yakatoka yakiitwa Pangani. Kosa utakalolisikia sana ni "nimeungana kamba mbili". Kile kiambishi -an- kinadai watendane, na kamba hazitendi neno. Mtu ndiye aliyeziunganisha.

Sasa jikoni, maana hapo ndipo wageni hupotea. Maharage ya kuunga hayajaunganishwa na kitu. Yamechemshwa peke yake mpaka yakalainika, kisha kitunguu kikakaangwa, nyanya zikafuata mpaka zikapondeka na mafuta kuelea, ndipo maharage yakamiminwa pamoja na supu yake. Nyanya zisitangulie kwenye maharage mabichi, uchachu wake huyafanya yakawie kulainika. Kuunga hapa ni kukikamilisha chakula kilichokuwa kitupu, na kwangu hii ndiyo maana tamu kuliko zote za neno hili. Mboga ikiungwa kwa karanga au nazi, ni kitenzi kilekile.

Kutoka hapo viungo vinaeleweka: bizari na iliki ni viungo, goti na kiwiko ni viungo, na mchezaji anayecheza kati ya mabeki na washambuliaji ni kiungo.

Tahajia uikazanie. Ni ku- na -unga, kwa hiyo "kuunga mkono", u mbili. Ukiandika "kunga" umeingia kwenye mafunzo ya siri ya unyagoni. Vivyo hivyo "namuunga mkono" na "Muungano", ule wa Tanganyika na Zanzibar wa tarehe 26 Aprili 1964. Wakikuuliza mbona Afrika Mashariki, yenye makao yake hapa Arusha, inaitwa Jumuiya, waambie nchi zake zinashirikiana lakini kila moja imebaki na dola yake.

Unga wa ugali usikusumbue: ni nomino, upatanisho unaufichua. "Unga umekwisha", basi.

Kwa zoezi, wape nafasi tatu wajaze: fundi ___ bomba lililokatika, vijiji viwili vime___ kuchimba mfereji, mwalimu ame___ madarasa mawili. Atakayeandika "vimeunganisha" kwenye la pili muulize: vimeunganisha nini? Akikosa jibu, atalisahihisha mwenyewe.

Nitumie majibu yao, hasa yaliyokosewa.

Wako,
Lilian