Msisubiri Turubai: Barua kwa Wadogo Zangu Mnaostaafu

Kikuyu, Dodoma
Aprili

Wadogo zangu, waume kwa wake, mnaostaafu mwaka huu,

Mbukwenyi.

Barua hii nimeianza mara tatu nikaiacha, maana hasira ilikuwa inanitangulia. Leo ni wiki ya pili tangu turudi msibani wilayani Bahi. Hasira haijaondoka, basi nimeamua kuandika nayo.

Aliyefariki ni dada wa mwenzetu mmoja tuliyefanya naye kazi hapa mjini miaka mingi. Nilimwomba ruhusa ya kusimulia, akanijibu, "Andika dada, ila jina langu liache." Yeye alistaafu miaka mitatu iliyopita. Mafao yake ya mkupuo aliyatia kwenye nyumba ya wageni upande wa Ihumwa, na kila tulipokutana maneno yalikuwa yale yale. Nikimaliza msingi nakwenda kumwona dada. Nikifunga lenta nakwenda. Nikishapaua, hapo sasa sina kisingizio. Kutoka hapa mjini hadi Bahi ni mwendo wa saa moja kwa gari, lami mpaka pale. Dada mwenyewe alikuwa anaumwa tangu Agosti, miguu imevimba, hawezi kutoka nje bila kushikwa mkono. Siku ya mazishi tulikwenda na Coaster mbili zimejaa.

Mimi nilikwenda moja kwa moja jikoni kwa akina mama. Mmoja wao alikuwa ananyonyoa jogoo mkubwa, mwekundu, wa umri ule ambao nyama yake inahitaji moto wa asubuhi hadi mchana. Bila kuinua uso akaniambia kwamba marehemu alimkatalia kila mtu jogoo yule. Watoto walitaka wamuuze wanunue dawa, akasema huyu ni wa kaka, siku akija atakula nini? Alimfunga uzi mweupe mguuni asije akachinjwa kwa makosa. Uzi huo niliuona kwa macho yangu, unaelea kwenye beseni la maji ya moto, umenasana na manyoya. Kaka alikuwa amekuja. Jogoo tukamla sisi wa Coaster.

Wadogo zangu, hili si kosa la mtu mmoja. Tumekuwa taifa la watu wanaosafiri kwa turubai. Bila turubai la msiba kufungwa hatuioni barabara. Nimeonyeshwa simu, kundi la WhatsApp la ukoo ule. Kifo kilipotangazwa jioni, michango ilitimia kabla watu hawajala chakula cha usiku: jeneza, sare za wanandugu, spika, mpaka mpiga picha za video. Nikapandisha juu kidogo kwenye kundi hilo hilo. Januari, mtoto wa marehemu aliandika kwamba mama anatakiwa hospitali ya mkoa na nauli haijapatikana. Walijibu watu wawili. Waliobaki waliweka vikaragosi vya mikono ya kuomba Mungu. Mimi nimekuwa muuguzi miaka 34, na wagonjwa waliofia mikononi mwangu wakiulizia ndugu zao siwezi kuwahesabu. Ndugu hao wote walifika. Walifika kesho yake, na gari la kukodi, wakilia hadi wodi ya jirani inasikia. Kilio kile hakikuwa cha uongo. Kilikuwa kimechelewa.

Najua mtaniambia habari ya fedha. Kikokotoo, ile hesabu ya sehemu ya mafao mnayolipwa kwa mkupuo, kimewaumiza vichwa, kutoka ile asilimia 33 ya mwaka 2022 hadi 40 waliyoongezewa baadhi yenu mwaka 2024, na bado kila mmoja wenu anapiga hesabu usiku kucha. Sisemi msijenge. Nasema safari ya kwenda kumwona dada yako wilaya ya jirani haigharimu mfuko mmoja wa saruji.

Baba watoto na mimi tulistaafu tukifuatana, yeye mwaka 2015, mimi mwaka uliofuata. Miaka miwili ya mwanzo tulifanya kama mnavyotaka kufanya ninyi: yeye barazani na redio, mimi Dar es Salaam nikilea mjukuu. Wazo lilitoka kwa binti yetu anayeishi Uingereza. Alitusimulia kwamba majirani zake wastaafu, ikifika Machi baridi ikaanza kulegea, wanafunga nyuma ya gari kijumba cha magurudumu, karavani, wanaondoka mke na mume kuzungukia watoto na wajukuu. Kule Machi maua ndiyo yanachomoza. Kwetu Machi ni matope na palizi. Lakini mimi neno lililoniingia ni hilo la mke na mume.

Sisi tuna gari aina ya Noah. Tulikunja viti vya nyuma, tukamwambia fundi seremala atutengenezee kitanda cha mbao cha kutandaza juu yake, tukaweka godoro na mapazia ya kitenge. Chini ya kitanda kuna sufuria mbili, mtungi mdogo wa gesi ambao unashushwa nje kabla hatujalala, ndoo ya maji na jembe. Kila mwaka, Machi ikianza, tunaondoka.

Na hapa kwenye wawili nataka nikae kidogo, maana ndipo wengi mnapoharibu. Desturi yetu ni kila mtu kwenda kwao. Mume anakwenda kwa ndugu zake peke yake na mfuko wa plastiki, mke anakwenda kwao na watoto. Baada ya miaka 30 ya ndoa kuna wifi hamjawahi kula chungu kimoja, kuna shemeji unayemjua kwa picha ya harusi. Halafu mkistaafu mambo yanazidi. Mke anaitwa mjini kumsaidia mzazi aliyejifungua, miezi mitatu inakuwa mwaka, mwaka unakuwa miwili, mtoto wa kwanza anafuatwa na wa pili. Watoto wetu, nawapenda, lakini wamewageuza mama zao wasichana wa kazi wasiolipwa, na sisi tumekubali kwa kuogopa kuitwa bibi wasiopenda wajukuu. Huku nyumbani baba anakula chapati za mgahawani na presha inapanda kimyakimya. Nimewaona wazee wa namna hiyo kliniki, shati halina vifungo viwili, anaulizwa dawa amekunywa lini hajui. Mwacheni mtoto atafute msaidizi amlipe. Ninyi nendeni mkamwone mjukuu pamoja, mkae siku tano, mrudi pamoja.

Mume akiwa barabarani na mkewe anaanza kusema mambo ambayo barazani hayasemi. Tulipokuwa tunashuka kuelekea Mtera, mwaka wa pili wa safari hizi, baba watoto alinisimulia jinsi kaka yake alivyouza ng'ombe wawili yeye aende sekondari. Tulikuwa na miaka 37 ya ndoa na sikuwahi kulisikia. Kumbe ndiyo maana alikuwa hawezi kumkatalia kitu kaka yule, jambo ambalo mimi nimeligombania ujana wangu wote. Tulisimama pale darajani tukanunua perege wa kukaushwa, na sikuweza kusema neno hadi Iringa.

Mtauliza kwa nini Machi, wakati njia ni mbaya. Kwa sababu Machi ndiyo mwezi wa njaa. Wenye asili ya huku mnajua: uwele na mtama bado ziko shambani, kihenge kimefagiliwa, watu wanakula mlenda na maboga wakisubiri Mei na Juni. Ndugu wa mjini wanapenda kwenda baada ya mavuno, wanarudi na gunia la karanga nyuma ya gari. Wewe nenda mwezi ambao hakuna cha kurudi nacho. Beba kiroba cha sembe cha kilo 25, sukari, mafuta, chumvi, sabuni, na ukifika umkabidhi mama wa nyumba kwa faragha, si mbele ya majirani. Kitanda unacho garini, kwa hiyo hakuna mtoto atakayehamishwa alale sakafuni kwa ajili yako. Na ule msemo wa mgeni kupewa jembe siku ya tatu, baba watoto analishusha lake siku ya pili. Kwa miaka yake 70 hamalizi hata matuta mawili, lakini mdogo wake anaposhika jembe pembeni yake wanaongea palizi nzima.

Kuhusu njia, sikilizeni kwa makini, hasa wanaume. Machi mmoja tulikuwa tumepita Mpwapwa tunaelekea Kibakwe. Juu yetu jua linawaka, wingu liko mbali milimani. Tukafika kwenye korongo, maji yanapita ya rangi ya chai ya maziwa, na matawi ya miti juu yake. Bodaboda mbili zilivuka mbele yetu. Baba watoto akaingiza gia. Nilinyoosha mkono nikazima gari, nikachomoa ufunguo nikautia kifuani. Alikasirika sana, nami sikujibu. Nilikuwa nakumbuka usiku mmoja kazini tulipoletewa watoto wawili wa familia moja waliotolewa mchangani, umbali mrefu kutoka mahali gari lao liliposombwa. Dereva wao naye alikuwa ameona wengine wakivuka. Tukashusha mtungi, tukachemsha chai, dereva wa lori akaja kukaa nasi. Tulikaa pale kwa muda wa saa nne. Ilipofika saa kumi jioni watoto wa kijiji walikuwa wanavuka maji ya kifundo cha mguu. Maji ya makorongo yetu yana hasira fupi, yasubirini.

Mengine nayataja tu. Usiendeshe usiku. Lala kwenye uwanja wa ndugu au omba nafasi parokiani au msikitini, usilale kando ya barabara. Kila baada ya saa mbili shuka utembee, miguu isigande. Dawa za presha na sukari zikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na kadi ya bima. Kwa mtoto aliyeoa au kuolewa toa taarifa wiki moja kabla, na usifungue friji ya mkwe wako. Usiende na habari za mtoto mmoja kwa mwingine. Macho yakishaanza kuwa mazito kwenye usukani, liacheni gari. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakufikisha Dar es Salaam chini ya saa nne, umekaa kwenye kiti unaangalia milima.

Na mkipita pazuri, simameni. Baba watoto amefanya kazi mkoa huu maisha yake yote, lakini michoro ya Kolo, ile ya kwenye miamba ukishapita Kondoa mjini kuelekea Babati, aliiona akiwa na miaka 66. Tulipanda polepole, mjukuu wetu akimshika mkono. UNESCO iliingiza michoro ile kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, watu wanatoka Ulaya kuja kuiona, na sisi tulikuwa tunaipita kila tukienda misibani Babati. Alisimama mbele ya mtu mwembamba aliyechorwa kwa rangi nyekundu, akavua kofia.

Wadogo zangu, nimewafokea na sijutii, lakini msidhani nawaandikia nikiwa nimesimama pembeni. Na mimi nina mtu niliyemchelewea, mama yangu mdogo aliyenilea miaka miwili. Nilikuwa na zamu, nilikuwa na watoto, nilikuwa na sababu zote. Sauti yake ya mwisho niliisikia kwa simu, akiniuliza kama bado napenda ubuyu.

Sasa neno kwa mwenzetu wa jogoo, maana najua unasoma. Msibani nilikaa karibu na mdogo wako wa mwisho, yule wa Manyoni. Anatumia jicho moja siku hizi, na hajaniambia amekukasirikia, amesema tu kwamba hajakuona nyumbani kwake tangu alipojenga. Kutoka Bahi kwenda Manyoni ni barabara ile ile, unanyoosha tu mbele. Jumamosi sisi tunapita njia hiyo kwenda Singida kwa binti wa dada yangu. Tutasimama getini kwako saa kumi na mbili asubuhi, kiti cha kati kina nafasi ya wawili. Mwambie shemeji abebe shuka lake, na sembe ninayo.