Kaa wa Baraka hawakufa

Kunduchi, Dar es Salaam

Shoga yangu Neema,

Hamjambo huko Iringa? Sisi wazima, ila joto limeanza kutubana.

Unasema Baraka bado anauliza nani aliwaua kaa wake aliowaokota ufukweni. Mwambie hawakufa. Yale ni magamba matupu yaliyoletwa na maji, wenyewe walishatoka.

Gamba la kaa ni gumu, halitanuki. Akitaka kukua hana budi kulivua. Kwanza huota jipya, laini, chini ya lile kuukuu, huku akirudisha mwilini sehemu ya chokaa yake. Siku ikifika hujaza maji mwilini, gamba likaachia kwa nyuma, naye akatoka kinyumenyume. Wala si mgongo peke yake, Neema! Huchomoa kila mguu, vikonyo vya macho, matamvua, hata utando wa tumbo pamoja na meno yake ya kusagia chakula. Mimi hunishangaza zaidi gando: nyama yote ile nene hupita kwenye kiungo chembamba. Wapo wanaonasa hapo wakafa.

Akishatoka hunywa maji tena, akavimba kabla gamba jipya halijakaza. Ukubwa wake anaupata hapo. Lakini siku hizo hana silaha, hata kubana hawezi, basi hujificha. Kwa hawa kaa wakubwa wa mikokoni, jike hupandwa akiwa katika ulaini huo, na dume humkumbatia siku kadhaa, kabla na baada, asije akaliwa. Ndiyo maana huniuma nikiona mtu anabeba hadi kaa laini, na nyama yao wakati huo ni maji matupu. Ningekuwa na sauti kwa wavuvi wetu, ningewaomba wawarudishe.

Na yule mwenye gando moja kubwa na jingine dogo, inawezekana alikatika, sasa linaota upya. Litaongezeka kila anapojivua.

Baraka ajaribu hivi: ainue gamba kwa nyuma. Likifunguka kama kifuniko, ndani hamna nyama wala harufu ya kuoza, basi mwenyewe alitoka salama.

Mkija Desemba, tutafute siku za bamvua, maji yakipwa sana tushuke wote mikokoni. Mletee viatu vya kufunga, matope yale yana makombe makali.

Msalimie mama.

Wako,
Zuhura