Salamu za Idi kutoka kwa aliyeswali mwaka jana akiwa kitini

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwenu ndugu, jamaa, majirani wa Magomeni na wachezaji wenzangu wa raga hapa Dar es Salaam, nawatakia Idi Mubarak. Mwenyezi Mungu azipokee funga zetu na sadaka zetu, na atufikishe mwakani tukiwa na afya. Kwa wenzetu Wakristo, ambao mwaka huu Kwaresma yao imekwenda sambamba na Ramadhani yetu, tumefunga pamoja na karibuni tule pamoja.

Mwaka jana siku kama hizi niliswali Idi nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mwisho wa safu, mguu wa kulia umenyooka mbele kama mpini wa jembe. Mguu mmoja wa kile kiti ulikuwa mfupi kuliko mingine, na mzee mmoja wa msikitini kwetu, bila kuniuliza neno, alikunja kipande cha boksi akakiweka chini yake ili kisiyumbe. Ramadhani nzima, kila nilipofika kwa ajili ya tarawehe, nilikikuta kile kipande cha boksi kimeshawekwa mahali pake. Wenzangu waliposujudu, mimi niliinamisha kichwa tu na kuutazama mkeka kwa mbali. Sikuwahi kumshukuru mzee yule ipasavyo, na salamu hizi naziandika kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine wengi wanaonidai shukrani.

Niliumia mwezi Novemba, dakika za mwisho za mechi ya kirafiki, nikigeuka kumfuata mchezaji aliyekuwa ameshanipita. Nilisikia ndani ya goti mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjika, kisha nikawa chini. Kituo nilichopelekwa kwanza waliniambia ni msuli umevutika tu, wakanifunga bandeji na kunipa dawa za maumivu, nami nikapoteza wiki saba nikikandwa maji ya moto nyumbani, hadi kipimo cha MRI kilipoonyesha kwamba kano ya mbele ya goti imekatika yote. Kano hiyo ni ukanda mfupi uliojificha katikati ya goti, unaouzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele na kulizuia goti lisijisokote mtu anapogeuka. Ikikatika, daktari huchukua kipande cha kano nyingine, kutoka nyuma ya paja au mbele ya goti, akakipitisha katika matundu aliyotoboa mifupani na kukifunga hapo.

Jambo ambalo sikulijua, na ambalo ningependa kila mchezaji alijue, ni kwamba kano hiyo mpya hudhoofika kwanza kabla ya kukomaa, kwa sababu mwili unahitaji miezi mingi kuipelekea damu na kuifanya iwe yake. Katika kipindi hicho maumivu yameshakwisha, uvimbe umeshuka, na mtu anajiona mzima kabisa, kumbe ndipo anapoweza kuikata tena kwa kuruka mtaro tu. Nilipokuwa katika miezi hiyo nililikumbuka sana kumi la kati la Ramadhani. Kumi la kwanza misikiti hujaa hadi watu kuswali barabarani, na kumi la mwisho watu hurudi kuutafuta usiku wa cheo, lakini pale katikati safu hupungua, na anayebaki hubaki kwa sababu ameamua kubaki. Goti langu lilikuwa na kumi lake la kati, la miezi mitano.

Gharama za upasuaji zilizidi uwezo wangu. Mama alikuwa anasubiri zamu yake ya upatu, pesa aliyokuwa ameipangia kuezekea chumba cha nyuma, na zamu ilipofika aliileta yote ikiwa imefungwa kwenye pindo la khanga, akaiweka mezani bila kusema kitu. Chumba kile hakijaezekwa mpaka leo, na masika haya tena maji yameingia. Wachezaji wenzangu walichanga, na wengine wao hawana kazi. Wanafunzi nisiowajua walinipisha kiti kwenye Mwendokasi nilipokuwa natembelea magongo. Mtaalamu wa mazoezi tiba aliyenihudumia, mama mmoja asiyependa kutajwa, aliniuliza siku ya kwanza nataka goti linifikishe wapi, nadhani akitegemea nitasema uwanjani. Nilimjibu kwamba nataka kukaa baina ya sijida mbili. Aliweka kipimo chake kando akanyamaza kidogo, kisha akanieleza kwamba kukaa kwenye kiti kunahitaji goti likunjike nyuzi 90, lakini kukalia kisigino kunahitaji zaidi ya nyuzi 140, na kwamba tungezitafuta moja moja. Tulizitafuta hivyo hivyo, na kuna wiki tulizopata mbili tu.

Katika kipindi hicho watu wengi walinitumia, kwa nia njema kabisa, habari za Siya Kolisi, nahodha wa timu ya raga ya Afrika Kusini. Yeye aliumia kano hiyo hiyo Aprili 2023, akiichezea klabu ya Sharks dhidi ya Munster ya Ireland mjini Durban, siku zile zile ambazo sisi huku tulikuwa tunasherehekea Idi. Agosti 19 alikuwa ameshacheza mjini Cardiff dhidi ya Wales, na Oktoba 28 alinyanyua Kombe la Dunia la raga huko Saint-Denis, kando ya jiji la Paris, baada ya timu yake kushinda robo fainali, nusu fainali na fainali kwa tofauti ya pointi moja moja. Ile fainali ya 12 kwa 11 dhidi ya New Zealand ilianza saa nne usiku kwa saa zetu, nami niliitazama nikilia kwa furaha. Hata hivyo naomba majeruhi wengine wasipimwe kwa Kolisi, aliyerudi ndani ya miezi minne akiwa na madaktari wake kila siku, kwa maana madaktari wengi humshauri mchezaji asubiri angalau miezi tisa. Aliyenifariji zaidi ni Jonah Lomu, mchezaji wa raga wa New Zealand aliyeitikisa dunia mwaka 1995 akiwa na miaka 20, akaugua figo, akapandikizwa mwaka 2004 figo aliyopewa na mtangazaji wa redio aitwaye Grant Kereama, na mwaka 2005 akarudi kuchezea klabu ya Cardiff Blues ya Wales. Hakuichezea tena timu yake ya taifa, na Novemba 2015 alifariki akiwa na miaka 40. Nilipomfikiria akikimbia na figo ya mwenzake mwilini, niliutazama mguu wangu na kuona ndani yake upatu wa mama.

Sasa nafika kwenye jambo zito kwangu. Kwa miezi mingi nilimwambia kila aliyenitembelea kwamba kijana wa timu pinzani ndiye aliyeniumiza, na kwamba alikusudia. Nililisema hilo kwa hasira mpaka nikaliamini. Kisha mwenzangu mmoja akanionyesha video aliyoirekodi kwa simu: mguu wangu ulikuwa umekita kwenye nyasi na goti lilikuwa limeshajisokota kabla kijana yule hajanigusa. Sehemu kubwa ya majeraha ya kano hii hutokea hivyo, mchezaji anapogeuka ghafla. Nilijua ukweli, na bado nilikaa kimya.

Mwezi wa Shaabani mwaka huu, mwaka mmoja baada ya upasuaji, nilirudi uwanjani kwa dakika 20, na timu pinzani ilikuwa ile ile. Kabla ya mechi kijana yule alinifuata, akanipa mkono, akaniuliza, "Kaka, goti linaendeleaje?" Nilishindwa kumjibu. Mara ya kwanza nilipoupata mpira niliinuka nao nikakimbia hatua labda saba, na aliyeniangusha chini alikuwa yeye, kwa mabega, kwa haki kabisa, kisha akaninyooshea mkono kuniinua. Nilisimama nikilia mbele ya watu, na wenzangu wakadhani nalilia goti.

Ndugu yangu, unajijua. Nimekusingizia, na nakuomba radhi mbele ya wote walionisikia nikikusema vibaya. Mama, nakuomba radhi kwa maneno makali niliyokujibu usiku ule nilipokataa kula. Na kila niliyemkosea kwa kujua na kwa kutojua katika mwaka huu wa maumivu, nakuomba unisamehe, kama nami nilivyosamehe.

Asubuhi ya Idi, Mungu akijalia, nitaswali kwenye safu ya pili, nikiwa nimesimama. Mzee wetu wa boksi magoti yake siku hizi yanamsumbua, hivyo nimekwishakipigilia kile kiti kipande cha mbao kwenye mguu mfupi, na nitamwekea mahali pake mapema. Baada ya swala mlango wetu uko wazi, na pilau ya mama itakuwepo hadi alasiri. Idi Mubarak.