Risala ya Kikundi cha Maigizo kwa Mgeni Rasmi, Eastlands, Nairobi

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wa mtaa, wazazi na wasanii wenzetu, hamjambo.

Karibu sana, Mheshimiwa. Foleni ya Jogoo Road tunaijua, na waliokaa hapa tangu saa nane wamekwisha kukusamehe.

Kikundi hiki kilianza na vijana wanne chini ya mti. Leo tuko kumi na tisa, na jukwaa la Kenya National Theatre tumelipanda. Tulilipanda mara moja, kusaidia kubeba viti, lakini tulilipanda.

Jioni hii ya masimulizi ya mtu mmoja tumemkumbuka Spalding Gray wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1941 na kuwa mmoja wa waanzilishi wa kikundi cha maigizo cha Wooster Group jijini New York. Alipewa nafasi ndogo katika The Killing Fields, filamu kuhusu vita vya Cambodia iliyotoka 1984. Mwingine angerudi na malipo na picha. Yeye alirudi na kisa, akakisimulia peke yake jukwaani kwa jina Swimming to Cambodia, nacho kikawa filamu mwaka 1987. Alisimulia pia kifo cha mamake, ugonjwa wa jicho lake, hata kitabu kilichokuwa kikimshinda kumaliza. Mwaka 2001 alipata ajali ya gari huko Ireland, na hakurudi kuwa yule wa zamani. Alifariki 2004. Hapo tunapaacha, watoto wapo.

Tunaloomba ulitazame, Mheshimiwa, ni vifaa vyake: meza, kiti, daftari, glasi ya maji, maikrofoni. Basi. Sanaa hii tuliichagua kwa sababu ndiyo tunayoimudu. Meza iliyo mbele yako ni ya mama muuza mandazi wa hapo nje, na ataihitaji alfajiri.

Ila Gray alikuwa na paa. Tafadhali inua macho. Hizo si nyota, ni matundu ya misumari. Aprili iliyopita mwenzetu alikuwa akisimulia siku babake alipomkana mbele ya chifu. Mvua ikashuka juu ya mabati. Alipofika kwenye maneno yenyewe ya baba tuliona midomo tu. Kisha matone yakaanza kudondoka ndani ya glasi yake, ti, ti, ti, na hadhira ikashangilia ikidhani ni ufundi wa mwelekezi. Makofi tuliyapokea. Kisa hakijasikika hadi leo.

Mgeni wetu wa kwanza aliahidi mabati, akaondoka na shuka la Kimaasai. Wa pili alimtuma kijana mwenye futikamba. Alipima kila pembe, na hatujui alimpimia nani. Wa tatu alisema tumpigie Jumatatu. Hakusema Jumatatu ipi. Wewe hatukulinganishi nao, Mheshimiwa, na shuka lako liko tayari.

Tunaomba mabati sitini ya geji 28, mbao, misumari, na dari ya kupunguza kishindo cha mvua. Fundi ni mzazi wetu, hatadai ujira. Bei ziko kwenye karatasi ya pili uliyopewa. Ya kwanza ni ratiba, unaweza kuikunja. Kwa heshima zote, safari hii hatuombi ahadi. Tunaomba jina la mtu wa kumwona, na tarehe.

Maikrofoni hii tumeiazima kanisani na inatakiwa irudi kabla ya saa kumi na mbili. Sasa ni saa kumi na moja na nusu. Tunakukabidhi, Mheshimiwa.