Kikohozi cha mzee

Kadutu, Bukavu, Jumapili jioni

Mama Furaha mpendwa,

Jambo sana. Huku tuko, watoto wazima, mvua imetushika wiki nzima na njia ya kwetu ni tope tupu. Najua nimekaa kimya mno, unisamehe. Leo lakini siandiki kwa ajili ya salamu. Mama Bahati alipita hapa baada ya misa akasema kwamba baba, tangu atoke hospitali na ule upande wake uliolegea, anakohoa kila akinywa chai, na ninyi mnasema ni baridi ya Goma. Nilishindwa kumaliza chakula.

Mwenzangu, mzee anapaliwa.

Sisi pia tulisema ni mafua. Mama yangu alikuwa anakohoa mezani, tukamchemshia tangawizi. Tulimlisha amelala, mto mmoja chini ya kichwa, haraka haraka kabla chakula hakijapoa, na tonge likikwama tunalisukuma kwa maji. Maji! Kumbe ndiyo yanayomshinda zaidi mtu ambaye koo limechoka: yanateremka mbio kabla njia ya hewa haijajifunga, yanaingia mapafuni pamoja na vijidudu vya kinywani. Siku nimonia ilipomkamata hakuwa hata na homa. Alisinzia tu, akaniita kwa jina la marehemu shangazi yake, pumzi fupi fupi. Mahali pa kwanza tulipompeleka walimtibu malaria siku tatu. Hilo linaniuma mpaka leo, ila si kama ninavyokikumbuka kile kijiko mkononi mwangu.

Aliyetufungua macho ni mama mmoja wa kine, wale wa mazoezi ya viungo. Alinikalisha kitini, akanipa chai, akasema: inua kidevu juu, umeze. Nilihangaika. Kisha: sasa kiinamishe kidogo kuelekea kifuani. Ikapita. Kwa mama inafaa. Kwa baba waulize kwanza, kwani si kila koo lina shida ileile.

Siku hizi mama anakula ameketi wima, miguu chini, na haondoki kitini hadi nusu saa ipite. Kijiko cha chai, si kile kikubwa. Nalitazama koo lake: likipanda na kushuka, ndipo naleta kingine. Redio imezimwa. Anasema namlisha kama kifaranga, na tunacheka, lakini akishameza! Uji mzito unapita, parachichi iliyopondwa, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zilizotwangwa laini kabisa. Mkate mkavu tumeuacha, wali pia, na maharagi yanayoelea kwenye mchuzi, kwa kuwa kinywa kinashindwa kushika punje na maji kwa wakati mmoja. Kwa vile vinywaji vizito havimvutii, nahesabu vikombe vyake, asije akakaukiwa. Akiwa na usingizi, simpi kitu.

Na kinywa, dada yangu. Usiku mmoja nilimkuta na sombe, yale majani ya muhogo, shavuni, ya tangu chakula cha jioni, na ilikuwa karibu saa sita. Tangu hapo ni mswaki laini asubuhi na usiku, hata kama meno yamebaki matano, na yale ya bandia yanatolewa yanaoshwa kabla ya kulala.

Narudi kwenye kikohozi. Kikinyamaza, usifurahi upesi. Wako wazee ambao chakula kinaingia njia ya hewa na hawakohoi hata kidogo. Baba akishakunywa mwambie aseme «aaa». Ile sauti ya mama ilikuwa kama ya mtu anayeongea na maji kooni, na mimi nilidhani ni uzee.

Sasa nijibu. Anakula ameketi au amelala? Nani anamlisha mchana ukiwa sokoni, na huyo ana haraka? Nguo zimeanza kumpwaya? Wamempa dawa za usingizi? Vidonge anavimezaje, mnavisaga? Kama mnavisaga, muulize muganga wa hospitali, vingine havisagwi. Kuna kine karibu nanyi anayejua mambo ya kumeza? Na pumzi yake usiku ikoje? Ikienda mbio, au akianza kuchanganya majina, msisubiri homa, mpelekeni.

Nipigie kesho, hata saa kumi na moja alfajiri. Mama anamsalimu mzee, anasema amngoje, deni la ule mbuzi halijaisha.

Wako,
Mama Neema