Kwa vijana wa Mbeya mnaotaka kuuza hereni za ng'ombe

Wanangu wa Uyole, Tukuyu na Mbarali,

Nasikia mnachangishana mtaji muagize hereni za kielektroniki, zile zenye chipu ya namba ya ng'ombe, kwa mkupuo, bei ishuke. Nawaomba msianze na mzigo. Agizeni 20 na kisomaji kimoja, mkazijaribu joshoni.

Takeni zenye viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na 11785, masafa ya redio ya kilohezi 134.2. Zile za UHF, yaani za masafa ya juu zaidi, husomeka kwa umbali wa mita kadhaa na zitawavutia, lakini maji hudhoofisha mawimbi yake, na sikio la ng'ombe ni nyama na damu. Likilowa mvua ndiyo zaidi. Hii ya kilohezi haina betri. Koili yake ya shaba hupata nguvu kutoka kwenye kisomaji, kwa hiyo fimbo ya kisomaji isogezeni hadi sentimita 20 hivi kutoka sikioni. Ikigoma kusomeka, angalieni vinavyovuruga mawimbi: mabomba ya chuma ya josho, kisha mota ya mashine ya kukatia majani.

Kwenye kutoga ndipo wengi huharibu. Someni namba kabla, chovyeni pini kwenye dawa, kisha togeni theluthi ya katikati ya sikio, baina ya mishipa miwili mikubwa. Kipande chenye chipu kikae upande wa ndani, pini iingie kutoka nyuma. Ikikaa ukingoni, senyenge itaichana. Kwa ndama acheni nafasi, sikio litanenepa. Masika nzi hawakosi kidondani, basi rudini baada ya siku kumi, na safari hiyo iwe ndani ya bei.

Namba ina tarakimu 15. Zikianza na 834 ni msimbo wa Tanzania, na huo hamwezi kujichapishia. Ulizeni ofisi ya mifugo kwanza. Kwenye Excel wekeni safu iwe ya maandishi kabla ya kuingiza chochote, la sivyo mtaona 8.34E+14, na mkihifadhi hivyo kama faili la CSV, lile la maandishi matupu, ng'ombe wote watabaki na namba ileile moja.

Msitegemee kifaa chenyewe kuwalisha. Mvumbuzi Charles Walton wa Marekani alipata hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya utambuzi kwa redio, ufundi uleule wa hereni hizi, mwaka 1973, nyingine mwaka 1983. Zilidumu miaka 17 tu. Maduka makubwa yalipoanza kudai vibandiko vya ufundi huo kwenye bidhaa, mwaka 2003, muda wa hataza zake ulishakwisha. Hereni hata jirani ataagiza. Ninyi uzeni kumbukumbu: chanjo, uzazi, maziwa ya kila ng'ombe. Na hereni ikidondoka, andikeni namba ya zamani kando ya mpya siku hiyohiyo.

Mzee wenu, Uyole